Usinunue Mwavuli Mdogo kwa Sababu Umeambiwa Wewe ni Mwepesi

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Kondoa ambaye amemaliza kozi yake ya kuruka kutoka angani kule pwani ya Kenya na sasa ana miruko 31. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nimepata mkoba kamili uliotumika, mwavuli mkuu ni 135 na wa akiba ni 113. Bei ni nzuri mno na muuzaji anasema kwa mwili wangu unanitosha kabisa. Nilipe arubuni?" Mkoba ni ule unaovaliwa mgongoni ukiwa na miavuli yote miwili ya kutulia, na namba hizo ni ukubwa wa kila mwavuli kwa futi za mraba. Aliambatanisha picha tatu za mkoba ukiwa umelazwa juu ya kitanda, mweusi wenye michirizi ya zambarau, nami nakiri kwamba ni mzuri kuutazama.

Nilisoma ujumbe ule nikiwa ofisini nikashindwa kuendelea na kazi, kwa sababu maneno hayo ya muuzaji niliyasikia mimi mwenyewe miaka minne iliyopita, takriban neno kwa neno, na kutokana nayo leo hii ninatembea na bamba la chuma na skurubu saba katika mguu wangu wa kushoto. Nimemjibu binti huyo kwa kirefu, na ninayaandika hapa yale niliyomjibu kwa kuwa najua hayuko peke yake. Sisi warukaji tunaoishi Dodoma na mikoa jirani tunahesabika kwa vidole, wengi wetu husafiri mbali ili kuruka, na tunaporudi nyumbani tunabaki na hamu kubwa na simu mkononi, bila mkufunzi wa kutukanya pale tunapotaka kununua vifaa.

Mimi nilianzia Diani, kwenye pwani hiyohiyo ya Kenya. Mwavuli wa shule ulikuwa wa futi za mraba 230, na baadaye wakanipa wa 190. Uzito wangu wakati huo ulikuwa kilo 58, na kwa mwili huo mwavuli wa 190 ulinibeba kama jani. Siku za upepo wa kusi, wenzangu walikuwa wakiutoboa upepo na kutua mchangani mmoja baada ya mwingine, ilhali mimi nilikuwa nimening'inia juu ya minazi, karibu nimesimama mahali pamoja, nikiomba nisirudishwe nyuma. Walipokuwa wamekwisha kukunja miavuli yao, ndipo mimi nilipokuwa nagusa ardhi. Iliniuma. Nilitaka kwenda kwa kasi yao, na nasema hili waziwazi kwa sababu kila ninayemshauri huniambia kwamba anataka mwavuli mdogo kwa ajili ya "usalama kwenye upepo", na mara nyingi chini ya sababu hiyo kuna ile nyingine ya kuchoka kuwa wa mwisho.

Mrukaji mwenzetu mmoja mwenye uzoefu mkubwa, ambaye sitamtaja jina, alikuwa anauza 135 yake. Aliniambia kwamba kwa mtu mwepesi kama mimi mwavuli huo ungekuwa mpole kuliko 170 kwa mwanamume mzito. Nilipiga hesabu, na hesabu ilikuwa upande wake. Unachukua uzito wako wa kutokea mlangoni, yaani mwili, mkoba, viatu, kofia na kila kitu, unaugeuza kuwa ratili, kisha unaugawa kwa futi za mraba za mwavuli; jibu likiwa kubwa, mwavuli huwa mkali zaidi. Mimi na vifaa vyangu tulikuwa kilo 70, sawa na ratili 154. Ukigawa kwa 190 unapata 0.81, na kwa 135 unapata 1.14. Mwanamume wa kilo 90 akibeba vifaa vya kilo 11 chini ya mwavuli wa 170 anafika 1.31. Basi nikajiona nimekuwa mwangalifu kuliko wanaume wote pale uwanjani, nikalipa.

Jambo ambalo hakuniambia, nami sikulijua wakati huo, ni kwamba namba hiyo haisemi kila kitu. Mwavuli wa kisasa ni bawa. Mmarekani Domina Jalbert, aliyepata hataza yake mwaka 1966, alitupatia kitambaa chenye vyumba vinavyojaa hewa na kuruka kama bawa la ndege. Bawa hilo linapokuwa dogo, na kamba zake nazo huwa fupi, na mwili ulioning'inia kwenye kamba fupi hupembea haraka zaidi. Ukivuta breki ya upande mmoja, yaani kamba ya kuongozea iliyo mkononi mwako, mwavuli mdogo hugeuka, huinama na kuanza kuchota kasi kuelekea chini kabla akili yako haijamaliza kutambua kwamba umeuvuta. Kwa hiyo miavuli miwili yenye 1.14, mmoja wa 135 na mwingine wa 210, si sawa hata kidogo, na sisi wenye miili midogo, ambao wengi wetu ni wanawake, ndio tunaoponzwa na hesabu hiyo kwa kuwa inatupa ruhusa tusiyostahili.

Miruko kumi ya kwanza kwenye 135 ilikwenda vizuri. Upepo wa Diani ukitoka baharini huwa umetulia, na hewa ya usawa wa bahari ni nzito, hivyo mwavuli hupata kitu cha kuegemea. Nilifurahi sana. Nilituma picha nyumbani.

Kisha nikaenda Afrika Kusini, kwenye ule uwanda wa juu wa Johannesburg, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwavuli ulikuwa uleule na mwili uleule, lakini hewa haikuwa ileile. Hewa ikiwa nyepesi, bawa lazima liende kasi zaidi ili libebe uzito uleule, na katika joto la mchana kwenye mwinuko ule kasi hiyo inazidi ya pwani kwa karibu asilimia 10. Unaweza kuona ni kidogo, ila nguvu inayokugonga chini huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo asilimia 10 ya kasi inakuwa zaidi ya asilimia 20 ya kipigo. Altimita, kile kipimo cha kimo tunachovaa, haikuambii hayo, kwa sababu uliiweka kwenye sifuri pale uwanjani kabla ya kupanda ndege, nayo inasoma umbali wako na ardhi tu.

Siku ya pili, kwenye mruko wangu wa 75, mwavuli ulifunguka vizuri na kila kitu kilikuwa sawa mpaka mita 300, pale ninapoanza mzunguko wa kutua. Nilikwenda na upepo, nikakata kona ya kwanza, nikakata ya pili, na nilipofika kwenye mstari wa mwisho niliona majani yakilala upande usiotarajiwa. Upepo ulikuwa umegeuka na ulikuwa unanisukuma mgongoni. Mbele yangu kulikuwa na uzio wa waya wenye nguzo za mbao. Naikumbuka nguzo moja, ilikuwa na kipande cha mfuko wa nailoni cha buluu kilichonasa kwenye waya kikipepea kuelekea mbali nami, na mimi badala ya kutazama pembeni palipokuwa wazi niliikodolea macho nguzo ile ile. Nikiwa kama mita 25 kutoka ardhini nilivuta breki ya kulia mpaka kiunoni ili nigeuke. Mwavuli wa 190 ungegeuka kwa uvivu na kunipa nafasi. Wa 135 uliinama, mimi nikatupwa nje kama jiwe kwenye kombeo, na nilipoiachia breki mwavuli ulikuwa bado unazama. Niligonga mguu wa kushoto kwanza. Muundi ulivunjika mahali pawili.

Kilichofuata cha hospitali sina haja ya kukieleza. Nilirudi Dodoma nikakaa miezi mitano kwa magongo, mama akiniogesha nami nikiwa mtu mzima wa miaka 33. Lakini mguu haukuniumiza kama maneno ya yule aliyeniuzia, ambaye aliwaambia watu kwamba nilipaniki, kwamba mwavuli haukuwa na kosa lolote. Ni kweli nilipaniki. Mtu mwenye miruko 75 hupaniki, na ndiyo maana anapaswa kuwa chini ya mwavuli unaomsamehe. Yeye alilijua hilo, nami mpaka leo sijapata neno la pole kutoka kwake.

Sasa naomba tusikilizane, hasa ninyi mnaoota kwamba siku moja tutaruka juu ya ardhi yetu wenyewe hapa katikati ya nchi. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, kwenye nyuzi joto 32, mwavuli uliouzoea pwani utakwenda hapa kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 7, na utakugonga kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 15 hivi. Tena upepo wetu si kusi la bahari. Ni upepo wa nchi kavu unaopanda na kushuka kadiri udongo unavyopata joto, na kila mkazi wa Nzuguni au Ihumwa ameiona chamchela ikinyanyuka ghafla katikati ya uwanja mtupu, ikibeba vumbi jekundu na makaratasi, huku mita hamsini pembeni majani yametulia. Mwavuli mdogo uliojaa hewa ukipita kwenye chamchela kama hiyo unaweza kusinyaa upande mmoja ukiwa karibu na ardhi. Ukiiona vumbi inazunguka, kaa chini. Subiri jioni, au ruka asubuhi na mapema.

Baada ya kupona nilinunua 190 na kurudi nyuma kwa hiari yangu. Nilifanya miruko 140 juu yake kabla ya kuhamia 170, na kila mruko nilikuwa na zoezi moja. Nikiwa juu ya mita 800 nilikuwa navuta breki zote mbili nusu, kisha naiachia kidogo ya upande mmoja, ili nijifunze kugeuka bila mwavuli kuinama. Kugeuka huko kunakula kimo kidogo sana, na ndiko kungeniokoa siku ile. Njia nyingine iliyokuwepo ilikuwa kutua na upepo mgongoni, mabawa yakiwa sawasawa, nikavuta breki zote mpaka mwisho, nikabana miguu na kubiringika. Ningechubuka, basi. Sehemu kubwa ya vifo na majeraha katika michezo yetu hutokea chini ya miavuli iliyofunguka vizuri, na kinachovivunja viungo vyetu ni kona iliyokatwa karibu na ardhi. Jifunze kona ya breki nusu. Jifunze hiyo kabla ya kufikiria ukubwa wa mwavuli.

Nirudi kwenye picha za binti wa Kondoa. Yeye ana kilo 66, na akiwa na vifaa atafika kilo 77, yaani karibu ratili 170. Kwenye 135 hiyo ni 1.26, ilhali shule nyingi humtaka mrukaji mpya asivuke 1.0. Kwenye mwavuli wa akiba wa 113 ni 1.5, na hapo ndipo niliposhika kichwa. Watu huutazama mwavuli mkuu wakausahau wa akiba, wakati ndio utakaofunguka siku mbaya kuliko zote. Kifaa cha kuufungua chenyewe, kama Cypres ya Ujerumani iliyoingia sokoni mwaka 1991, hukata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba ukiwa takriban mita 225 kutoka ardhini kama bado unaanguka kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde. Kikifanya hivyo, huenda umezimia, na hakuna atakayevuta breki. Mwavuli wa 113 ukutue peke yake, kwenye mwinuko huu, ukiwa huna fahamu? Hapana. Tena mkoba ulioshonwa kwa 135 haupokei 190, kwa hiyo usidanganywe kwamba utabadilisha mwavuli baadaye. Unanunua mkoba, na mkoba umekwisha kuchagua miavuli yake.

Vifaa vilivyotumika si vibaya, vyangu vyote ni hivyo. Ila vikaguliwe na fundi wa miavuli mwenye leseni kabla pesa haijatoka. Mimi huutandaza mwavuli barazani kwangu Ipagala, juu ya mkeka uliofagiwa, kivulini kwa sababu jua letu linakula nailoni, na ninapitisha ncha ya kidole ndani ya pete za kile kitambaa cha mraba kinachoteremka kwenye kamba wakati wa kufunguka. Pete ikiwa na mkwaruzo unaousikia kwa kidole, inazikata kamba taratibu. Kisha nazilinganisha kamba. Zile nyembamba nyeupe za Spectra husinyaa kwa joto la msuguano wa pete hizo, na za breki ndizo husinyaa zaidi, mwavuli ukawa unaruka umeshikwa breki hata mikono yako ikiwa juu. Uliza pia kile kifaa cha kuufungua mwavuli wa akiba chenyewe kimetengenezwa lini, kwa kuwa kina ukomo wa maisha, na bei nzuri mno mara nyingi hutokana na tarehe hiyo.

Mdogo wangu wa Kondoa anakuja Jumamosi. Nimemwambia avae viatu vya kurukia, nitamvisha mkoba wangu wa 190 na kumpandisha kwenye mizani ya duka la mazao lililo jirani, tupige hesabu yake mbele ya macho yake. Ukimkaa vizuri mabegani ataondoka nao, na atanilipa akiweza. Jana jioni aliniandikia kwamba muuzaji amempigia mara mbili. Arubuni hajalipa.