Ampli inakata besi ikigonga na maiki inapiga shoti: angalia umeme kwanza kabla hujanunua kitu

Mkuu nimesoma uzi wako na majibu ya wadau nikaona nisikae kimya, maana lile jambo la pili ulilogusia kidogo tu pale mwishoni, la maiki kupiga shoti, ndo kubwa kuliko yote. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana mziki wa kukodisha, ampli mbili zile nzito zenye transfoma, sabufa nne za inchi 18, anavuta umeme nyumba ya mwenye shughuli, umbali kama mita 50 kwa eksitensheni ya kawaida. Besi ikigonga taa za turubai zinafifia, ampli inawaka taa nyekundu inakata, halafu mpiga kinanda akisogeza mdomo kwenye maiki anapigwa shoti. Fundi wake kamwambia anunue stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti. Na kuna siku jenereta ilimuunguzia miksa.

Mi kazi hizi nazifanya hapa Dar, Mbagala mpaka Chanika huko, harusi za mtaani na mikutano ya injili, na ampli nyingi nilizoletewa kwamba ni mbovu zilikuwa nzima kabisa, ukiichomeka dukani inapiga vizuri tu asubuhi mpaka jioni. Ubovu uko kwenye njia ya umeme kutoka kwenye mita ya luku mpaka kwenye ampli. Kwa hiyo hela ya stabilaiza shika kwanza.

Kwa nini nasema stabilaiza si dawa hapo. Tatizo lako umeme unapungua njiani, ndani ya waya. Ukiweka stabilaiza pale kwenye ampli itajaribu kupandisha volti, na ili ipandishe lazima ivute ampea nyingi zaidi kupitia waya uleule mwembamba, sasa waya unakula volti zaidi ya mwanzo na unazidi kupata moto. Tena stabilaiza nyingi zinabadilisha kwa relei au kwa mota, besi inagonga na kuacha kabla haijamaliza kubadilisha, utasikia tu inalia tak tak tak usiku mzima. Stabilaiza inafaa pale umeme wenyewe wa mtaa uko chini muda wote.

Sasa hesabu, na hii ifanye mwenyewe usimwachie mtu. Waya wa kopa wa 1.5 (hiyo namba ni unene wake, milimita za mraba) kwa mita 50, kwenda na kurudi ni mita 100, una ukinzani kama ohm 1.2. Ampli zako kwa mziki wa kawaida zinaweza kuvuta wastani wa ampea 10 au 12 zote pamoja lakini besi ikigonga inaruka mpaka 25 hivi. Ampea 25 mara ohm 1.2 ni volti 30. Jioni huku kwetu nyumba nyingi zinapata 215 badala ya 230, toa 30 zinabaki 185, na hapo sijahesabu taa za mapambo na mashine ya bisi waliyochomeka kwenye kebo yako bila kukuuliza. Ampli ya transfoma umeme ukishuka asilimia 10 tu nguvu yake ya juu inashuka karibu asilimia 19, kwa hiyo besi inaanza kukwaruza mapema, wewe unaona haitoshi unaongeza volyumu, inakwaruza zaidi, mwisho unaunguza koili za sabufa na unalaumu spika. Hizi ampli nyepesi za kisasa nazo zina tabia yake, volti zikishuka zenyewe zinavuta ampea zaidi kufidia, kwa hiyo kwenye waya mwembamba zinazidi kuushusha mpaka zikate.

Weka waya wa 2.5 ukinzani unakuwa kama 0.74, unapoteza volti 18. Weka wa 4, unapoteza kama 11 na nusu. Weka wa 6 unapoteza 7 au 8 tu. Mi kwa mita 50 na mzigo kama wako natumia 6, ni ghali na ni nzito kubeba ila ukishainunua imeisha, inakaa miaka. Na ukienda sokoni uwe macho, kuna kebo zinauzwa kama kopa kumbe ni aluminiamu imepakwa kopa juu, kwangua waya mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani achana nayo, hiyo inapoteza zaidi na kwenye viungo inalegea na kupata moto.

Jambo jingine kuhusu hizo eksitensheni za kuviringisha kwenye gurudumu, ZIFUNGUE ZOTE. Nyingi zimeandikwa pembeni kabisa, wati elfu tatu ikiwa imefunguliwa na kama elfu moja ikiwa imeviringishwa, joto linakosa pa kutokea mpira unayeyuka katikati ambako huoni. Na plagi ya soketi ya kawaida ni ya ampea 13, hiyo ni kama wati 3000 basi. Nikikuta mtu ametoa fyuzi ya plagi akaweka kiwaya cha kebo kwa sababu "ilikuwa inakatakata" mimi siwashi mziki hapo mpaka kitolewe. Fyuzi ilikuwa inakwambia mzigo umezidi, ukiiziba kinachofuata kuungua ni soketi ya ukuta ya mwenye nyumba, na pale kuna watoto wamelala.

Kwa mzigo wako usichomeke soketi ya sebuleni. Tafuta fundi umeme mwenye leseni akupe laini yake pale kwenye meini switchi, breka ya ampea 32 peke yake, RCD ya miliampea 30 (swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja), halafu plagi ile ya bluu ya duara, kebo ya 6 mpaka stejini, pale stejini uwe na boksi la kugawia lenye breka ndogondogo. Kila kitu cha mziki kinakula kwenye boksi hilo hilo, ampli, miksa, kinanda, laptopu ya DJ. Taa na mashine za chakula ziwe na njia yao.

Sasa lile la shoti. Wadau wawili hapo juu wamesema ni kawaida, avae viatu vya mpira. Ndugu zangu hapana. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, mbele ya watu, kwa kugusa maiki ambayo haikuwa na erthi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Huyo alikuwa mtu wa bendi kubwa yenye vifaa, sembuse sisi tunaopiga kwenye udongo uliomwagiwa maji kuzuia vumbi.

Inavyotokea ni hivi. Vifaa vingi ndani vina kapasita ndogo zinazounganisha laini (waya wenye umeme) na bodi ya chuma kuchuja makelele, kama erthi ipo huo umeme mdogo unakwenda ardhini husikii kitu, kama erthi haipo bodi ya chuma inakaa na volti kama 100 na kitu. Ukigusa unasikia inakuchomachoma mdomoni. Hiyo yenyewe ampea zake ni kidogo mno, lakini inakupa habari kwamba erthi haipo, na siku waya wa laini ukichomoka ndani ya ampli ukagusa bodi, hapo ni 230 kamili na mtu ameshika maiki kwa mikono miwili hawezi kuachia.

Na wengi erthi wameikata wenyewe! Miksa inavuma mmmmm, mtu anakata waya wa erthi kwenye plagi, inanyamaza, anasifiwa kuwa fundi. Kuvuma kunatokea kwa sababu vifaa vimechomekwa sehemu tofauti tofauti na erthi zao zinakutana tena kupitia kebo za sauti. Dawa ni kuvilisha vyote boksi moja kama nilivyosema, kutumia kebo za balansi za pini tatu kati ya miksa na ampli, na kinanda kipite kwenye DI boksi, kile kiboksi cha kuunganisha kinanda na miksa, yenye swichi ya kuachanisha erthi ya SAUTI. Ya umeme haikatwi. Kwa heshima yote, fundi anayekata erthi ya umeme usimpe tena vifaa vyako.

Kuna mwingine kasema chimbia nondo nyuma ya steji iwe erthi, inatosha. Nondo ni nzuri ila haitoshi peke yake. Kwenye mchanga wetu huu mkavu nondo inaweza kuwa na ohm 50 au zaidi, 230 gawa kwa 50 ni ampea 4.6, breka ya 32 wala haitashtuka, bodi itabaki ina umeme na mziki unaendelea. RCD yenyewe miliampea 30 tu inakata, ndo maana naisisitiza kuliko kitu chochote. Bonyeza kitufe chake cha kutesti kila unapofunga mziki, isipokata usiitumie.

Jenereta nitasema haraka. Ile iliyokuunguzia miksa nadhani volti zilipanda na hakuna aliyepima. Washa jenereta kwanza, iache itulie, pima, iwe karibu na 230, ndo uchomeke, na uwashe ampli moja moja maana transfoma kubwa zikiwaka pamoja zinavuta kishindo kikubwa. Kuzima ni kinyume, ampli kwanza, na usingoje petroli iishe yenyewe mziki ukiwa unapiga, inapokohoakohoa volti zinacheza vibaya. KVA 5 iliyoandikwa ubavuni kwa kawaida ni kilowati 4, na besi haipendi jenereta iliyokabwa, chukua yenye uwezo kama mara mbili ya wastani wako. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) inaelea, haijafungwa na bodi, RCD ukiiweka hivyohivyo haitakata, kwa hiyo fundi umeme aifunge na erthi sehemu moja tu, palepale kwenye jenereta. Na tafadhali sana msirudishe umeme wa jenereta kwenye nyumba kwa kuchomeka soketi, bila chenji ova (swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa nguzo na wa jenereta) ule umeme unatoka mpaka kwenye nguzo na unaua fundi wa TANESCO anayetengeneza laini akijua imezimwa.

Nunua mita hata ya bei ndogo, ila iwe na nyaya nzima. Shughuli ijayo, kabla watu hawajafika, piga besi kwa sauti ya kazi halafu pima pale stejini kwenye boksi, si nyumbani kwenye soketi: laini na nyutro, laini na erthi, nyutro na erthi. Laini na erthi ikiwa chini sana kuliko laini na nyutro, au inachezacheza, erthi huna. Nyutro na erthi ikiruka volti 10 au 15 kila besi ikigonga, kebo ni nyembamba. Halafu pima kati ya wavu wa maiki na chuma cha kinanda bila kushika vyuma kwa mikono, ikizidi volti chache mpiga kinanda asikae hapo mpaka irekebishwe. Weka namba hizo hapa pamoja na picha ya nyuma ya ampli pale palipoandikwa ampea, tukupigie hesabu ya kebo kabla hujaenda sokoni.