Unguja hadi Pemba kwa ndege: nusu saa, na saa zake

Kila ninapoaga kazini kwenda Pemba kumtazama mama, haikosi mtu wa kuniambia, "Si nusu saa tu?" Nusu saa ni kweli, lakini ni ya angani. Kwa ndege ya saa tatu asubuhi mimi hutoka nyumbani Fuoni saa moja, na Wete kwa mama, huko Pemba, naingia inakaribia saa sita.

Wengi huchanganywa na umbali. Utasikia Pemba iko kilomita 50 hivi kutoka Unguja. Hizo ni za ncha kwa ncha, kutoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hadi kusini mwa Pemba. Ndege hairukii Nungwi. Inaondoka uwanja wa Abeid Amani Karume, kusini ya mji, na kutua karibu na Chake Chake, katikati ya Pemba. Uwanja kwa uwanja ni kama kilomita 125. Cessna Caravan, kale kandege ka injini moja, huenda karibu kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo mwendo wenyewe ni dakika 25. Ukitia na kupanda na kushuka, nusu saa imetimia. Msimu wa kusi, upepo unapotoka kusini, unakusukuma ukienda na kukukabili ukirudi, lakini tofauti ni dakika chache tu.

Jihadhari na jina. Mdogo wangu anaishi Muscat, na siku moja alinipigia simu ameshtuka: intaneti imemwambia Unguja hadi Pemba ni zaidi ya kilomita 700. Alikuwa anatazama Pemba ya Msumbiji! Ukikata tiketi mtandaoni hakikisha alama ya uwanja ni PMA. Ukiona POL, hiyo ni Msumbiji.

Kilichotuumiza hasa kilikuja baadaye, mdogo wangu huyo alipokuwa anarudi Muscat. Alikata ndege ya asubuhi kutoka Pemba, na ya Muscat mchana wa siku hiyohiyo, tiketi mbili mbalimbali. Ilikuwa masika. Mvua ilishuka, mawingu yakalala juu ya minazi, ndege ikasogezwa saa mbili na nusu. Bado namwona amesimama dirishani, mfuko wa karafuu za mama mkononi, anatazama saa kisha anatazama mbingu. Tulipofika Unguja ile ya Muscat ilikuwa imeshafunga kupokea abiria, na pesa haikurudi kwa sababu tiketi hazikuunganishwa. Tangu siku ile, mtu wetu yeyote mwenye safari ya nje tunamvusha jana yake, alale Unguja. Nakuomba na wewe ufanye hivyo, hasa kuanzia Machi hadi Mei.

Mizigo nayo: ndege hizi ndogo aghalabu zinakuruhusu kilo 15, na wakati mwingine unapimwa wewe mwenyewe pamoja na begi lako. Chukua begi laini, gumu halikai vizuri kwenye tumbo la ndege. Mchele na mafuta ya mama mimi huvitanguliza kwa boti siku mbili kabla, vikateremshwa bandari ya Mkoani, shangazi akavipokea. Mimi nikishuka uwanjani nina kibegi changu tu, napata gari hadi Chake, kisha daladala namba 606 hadi Wete.