Lori la Kulala Kwenye Baridi Kali: Ingia Chini Kwanza, Injini Baadaye

Ujumbe wa wiki hii ni uleule wa kila wiki: "Nimepata lori la zamani la jeshi, fo-wili, injini inaunguruma safi. Ninunue niligeuze nyumba?" Jamani, injini iacheni mwisho. Injini hutengenezwa au hubadilishwa. Chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba lori zima, ikioza ni habari nyingine.

Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chesi yote, hasa pale vyuma viwili vilipolaliana. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu na maganda ya kutu yanakumwagikia usoni. Kutu iliyojificha kati ya vyuma viwili huvimba na kuvitenganisha. Ukiona pengo hapo, ondoka, hata bei iwe tamu vipi.

Kisha soma kibao cha uzito. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa lori tupu. Kinachobaki ndicho chako. Maji lita 300 ni kilo 300, dizeli lita 400 ni kama kilo 335, na hapo boksi la kuishi, betri na tairi la akiba bado. Leseni yako nayo inaishia tani ngapi?

Matairi ya jeshi hudanganya kwa meno marefu. Tafuta tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira uliozeeka hukakamaa, na kwenye barafu unateleza tu.

Sasa penye kuumiza watu. Chesi ya Unimog, lori la Mercedes-Benz la njia mbovu, imeundwa ijipinde. Ukiifungia boksi gumu kwa bolti moja kwa moja, kona zinapasuka, mlango unagoma kufunga, maji yanaingia kwenye povu la kuzuia baridi lililo ukutani. Hapo huna budi kuweka fremu ya kati inayoegemea sehemu tatu au nne, zenye egemeo la kuzunguka. MAN KAT1, lori la jeshi la Ujerumani, ni kinyume: chesi yake ngumu, springi ndizo zinazocheza, kwa hiyo boksi hufungwa moja kwa moja. Kwa lori usilolijua, pandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo, upime pengo kati ya kabini na bodi, kushoto na kulia. Tofauti ya vipimo itakuambia kama chesi inajipinda.

Ukuta uwe wa povu lisilopungua milimita 60, kati ya karatasi mbili za faibaglasi. Chuma kisipenye kutoka nje hadi ndani, hata skrubu: kila skrubu inayopenya itatoa jasho usiku, na asubuhi utaikuta na kofia ya barafu. Jiko la gesi linaongeza unyevu, kwani kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ndiyo maana hita iwe ya dizeli, inayotupa moshi nje, na tundu la hewa lisizibwe kamwe. Kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, si pambo. Gesi ya kupikia iwe propani. Butani ikifika karibu na nyuzi sifuri haigeuki mvuke, jiko linazimika.

Matangi ya maji na betri vikae ndani, penye joto. Betri za lithiamu hazichajiwi chini ya nyuzi 0, zinaharibika moja kwa moja. Dizeli ya kiangazi nayo ikipata baridi hutoa nta inayoziba filta, kwa hiyo jaza dizeli ya majira ya baridi kabla hujaingia kwenye baridi, maana iliyobaki kwenye mabomba ndiyo itakayoganda kwanza.

Kabla ya kulipa, fungua vali zilizo chini ya matangi ya upepo wa breki. Yakitoka maji, kikaushio cha hewa kimechoka. Kwenye baridi maji hayo huganda ndani ya vali, upepo haupiti, na breki ya kuegeshea haiachii.