Sifuri Iliyonifedhehesha: Vigeu Vinavyopotea Ndani ya Bomba la Bash

Juzi msomaji mmoja aliniletea ujumbe mfupi wenye uchungu ninaoufahamu vizuri: skripti yake, inayoisoma orodha.txt kwa cat na kuipitisha kwa bomba (alama | inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine), inahesabu sawasawa ndani ya mzunguko wa amri zinazojirudia, lakini mzunguko ukiisha tu hesabu inarudi sifuri, na mwenzake wa kazini ameshamwambia kwamba hajui anachokifanya. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nilipoanza kuandika nikakumbuka kwamba sifuri hiyohiyo iliwahi kuniumbua mbele za watu, na mistari miwili haikutosha.

Nilikuwa nimeandika skripti ya Bash, sheli (programu inayopokea amri na kuziendesha) iliyo kwenye seva nyingi, iliyokagua nakala za akiba kila usiku, ikipitia faili moja baada ya nyingine, na kila ilipokuta faili mbovu iliongeza moja kwenye kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani, nilichokiita makosa. Kiini chake kilikuwa hiki (gzip -t hupima kama faili ni nzima):

makosa=0
find nakala -type f | while read -r faili; do
  gzip -t "$faili" || makosa=$((makosa+1))
done
echo "Makosa: $makosa"

Kwa wiki 3 ripoti ilisema makosa 0, nami nikatembea kifua mbele. Siku nakala moja ilipohitajika kweli, ikakutwa imeharibika, na msimamizi wangu akazisoma ripoti zangu kikaoni kwa sauti, moja baada ya nyingine, huku watu wakicheka. Miaka imepita, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Usiku ule niliibandika mistari hiyo kwenye teminali ya kompyuta yangu, na ikahesabu faili 14 mbovu bila kukosea. Nikaiendesha kwenye seva: sifuri. Nikailaumu diski, nikailaumu ratiba ya kazi za usiku, na nakiri kwa aibu kwamba nilimlaumu hata mwenzangu aliyekuwa na ufunguo wa seva ile. Sikukumbuka kwamba teminali yangu ilikuwa ikitumia zsh, sheli nyingine inayofanana na Bash. Katika zsh, kipande cha mwisho cha bomba huendeshwa ndani ya sheli ileile uliyomo. Bash, usipoiagiza vingine, hukiendesha kila kipande katika sheli ndogo, yaani mchakato wa pembeni unaopewa nakala ya vigeu vyako vyote. Kwa hiyo makosa kiliongezeka kweli hadi 14, ila kilichoongezeka ni nakala, na mzunguko ulipokwisha mchakato ule ulikufa pamoja na nakala yake. Kigeu changu halisi hakikuwa kimeguswa tangu mwanzo.

Kilichonichelewesha zaidi ni ujanja wangu mwenyewe. Nilishuku kwamba kuna michakato miwili, nikachapisha $$, namba ya mchakato, ndani ya mzunguko na nje yake, namba zikafanana, nikaifuta shaka hiyo. Kumbe $$ hubaki kuwa namba ya sheli mama hata ukiwa ndani ya sheli ndogo. Anayetaka ukweli huchapisha $BASHPID. Nilipoibadilisha, namba zikatofautiana papo hapo, na sioni haya kusema kwamba nilipiga meza.

Dawa yenyewe ni fupi: ondoa bomba. Ukifunga mzunguko kwa done < <(find nakala -type f), mzunguko unabaki katika sheli yako na kigeu kinasalimika, mradi skripti iendeshwe na Bash yenyewe, kwa kuwa sh ya kawaida haiuelewi mtindo huo. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2011 ipo pia shopt -s lastpipe, inayokiendesha kipande cha mwisho cha bomba katika sheli yako, lakini haifanyi kazi usipokuwa umezima udhibiti wa kazi (uwezo wa sheli wa kusimamisha na kuendeleza kazi), ambao kwenye teminali huwa umewashwa. Ukiijaribu hapo utadhani nimekudanganya.

Ndugu zangu tunaotaka kuitwa mafundi, tuache kuamini kigeu kwa sababu tu jina lake ni lilelile. Chapisha thamani yake kabla ya mzunguko, ndani yake na baada yake, pamoja na $BASHPID, na uifanyie majaribio skripti katika sheli ileile itakayoiendesha. Narudia: sheli ileile. Na mkiandika fankisheni, tangazeni vigeu vyake kwa local, maana huko ugonjwa ni wa kinyume, kigeu kinavuja nje na kufuta cha mwingine.

Kwa msomaji aliyeniandikia: cat iliyo mwanzoni mwa skripti yako haina kazi, ifute, kisha funga mzunguko kwa done < orodha.txt. Na yule mwenzako anayesema hujui unachokifanya, mpe mistari yangu 5 aiendeshe kwanza kwa zsh, halafu kwa Bash, kwenye folda yenye faili mbovu, nawe ukae kimya umngoje aeleze.