Wasomaji Wanauliza: Rupia za Mjerumani zilizofutika mwaka

SWALI: Wataalamu, salaam. Marehemu bibi ametuachia rupia tatu za Mjerumani, zenye mtu aliyevaa kofia yenye ndege juu. Mbili hazina mwaka kabisa, ya tatu inasomeka 190 tu, tarakimu ya mwisho imekwenda. Sonara ameniambia nizisugue kwa ndimu na majivu, mwaka utatokea. Ni kweli?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yetu. Ndimu na majivu usiviguse. Mwaka ukishasagika, kinachobaki ni alama nyembamba sana kwenye uso wa fedha. Majivu yana chembe ngumu zinazokwangua, na ndimu inakula shaba iliyochanganywa humo. Utapata sarafu inayong'aa isiyo na mwaka, na mnunuzi anayejua kazi ataiona imesuguliwa hata kabla hajaishika. Vumbi liondoe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha kausha kwa kuigusisha kitambaa laini bila kufuta.

Anza na yale ambayo hayajafutika. Mwenye kofia ni Kaisari Wilhelm II. Geuza upande wa pili. Ukikuta simba na mti wa jamii ya mitende, hiyo ni ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kati ya 1890 na 1902. Humo katikati miaka ya 1895 na 1896 haikupigwa rupia. Ukikuta maneno DEUTSCH OSTAFRIKA bila simba, ni ya serikali ya kikoloni, 1904 hadi 1914. Kwa hiyo hata zile mbili zisizo na mwaka utajua ziko kundi gani.

Ile ya 190, ikiwa ni ya simba, ni ya 1900, 1901 au 1902. Ikiwa ni ya serikali, ina kitu kizuri zaidi. Kwenye upande wa thamani tafuta herufi ndogo: A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg, miji ya Ujerumani ilikopigwa. Ikiwa ni A, mwaka unaweza kuwa 1904, 1905, 1906 au 1909, basi. Ikiwa ni J, ni 1905, 1906, 1907 au 1908. Sasa hutafuti tarakimu kumi, unatafuta nne. Kwa A: mshazari ni 4, kichwa bapa ni 5, duara chini ni 6, duara juu ni 9. Iombee iwe 9, maana ya 1909 ilipigwa kidogo kuliko zenzake. Katika zile za simba, ya kuiangalia kwa makini ni 1894.

Kuisoma hiyo tarakimu, subiri usiku uzime taa. Laza sarafu kwenye kitambaa cheusi, tochi uilaze mezani umbali wa shubiri moja ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu kwa ubavu. Tochi iache palepale, zungusha sarafu kidogo kidogo. Kuna pembe moja ambapo ukingo wa tarakimu unatoa kivuli, nyuzi chache mbele au nyuma kinapotea. Piga picha kila hatua, simu ikiwa imeegemezwa juu ya vitabu na fleshi imezimwa, kwa sababu fleshi inamulika kutoka juu na kuua kivuli chote. Halafu mpe mtu mwingine picha asome bila kumwambia unachotarajia. Anayetaka 9 huiona 9 hata kwenye mkwaruzo.

Kabla ya yote hayo hakikisha ni fedha. Rupia nzima ilitoka na gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, kipenyo takriban milimita 30.5. Iliyosagika hupungua kidogo. Ikiwa chini ya gramu 10, ina mashaka. Chukua mizani inayosoma hadi gramu 0.01, weka glasi ya maji juu yake, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa glasi. Gawanya uzito wake wa kawaida kwa namba inayotokea: rupia ya gramu 11.40 itatoa kama 1.10, na jibu ni karibu 10.3. Shaba na nikeli itatoa karibu 8.9. Viputo vya hewa vilivyong'ang'ania sarafu hushusha jibu, kwa hiyo itikise uzi kwanza.

Ikibaki haisomeki, bei yake iko karibu na fedha iliyomo, si zaidi ya gramu 10.7 za fedha safi. Masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi watakupimia, ila usikubali ikatwe wala kukwaruzwa kwa majaribio.

SWALI: Nina reale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke, mwaka 1780. Je, ina umri huo kweli?
Msomaji, Temeke

JIBU: Huenda sivyo, mama. Hiyo ni reale ya Maria Theresa wa Austria, aliyefariki 1780. Ziliendelea kupigwa kwa mwaka uleule hadi karne ya 20, hata London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara walizikataa zenye mwaka mwingine. Iwe na gramu 28.07 na maandishi yaliyoinuka ukingoni. Ukingo mtupu, au wenye mstari wa kiungo, ni ya kumiminwa kwenye kalibu: usiinunue.