Acha mteja apime mwenyewe

Maswali ya safari hii yametoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mpaka Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, na karibu yote yanauliza jambo moja: nifanyeje watu waniamini wanunue? Nimeyafupisha na majina nimeyaondoa. Mkiona mmoja amejibiwa kwa kirefu na mwingine kwa mistari michache, msinune. Kuna maswali yanayojibika mtu akiwa amesimama, na kuna yanayotaka kiti na chai.

Nauza sola Arua mjini. Mteja akiingia tu anasema sola zote ni feki, jirani yake alinunua ikafa. Nimebandika bango la "Orijino 100%", nimetangaza redioni, bado hali ni ile ile.

Kwanza ling'oe hilo bango. Aliyemuuzia jirani yake naye alikuwa na bango la Orijino, pengine kubwa kuliko lako. Neno ambalo tapeli anaweza kulisema bure haliwezi kukutenga naye. Tafuta kitu ambacho tapeli hawezi kukifanya hata akitaka.

Kwenye sola kitu hicho kipo, na gharama yake ni futi ya fundi seremala. Jua kali la mchana hutua kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza kuwa umeme kama sehemu moja ya tano ya hizo, na zilizo bora sana huzidi kidogo. Yaani wati 200 hadi 230 kwa mita moja ya mraba. Sasa chukua ile paneli ya bei ya kutupa, iliyobandikwa "300W" mgongoni, urefu mita moja, upana sentimita 60. Eneo lake ni mita ya mraba 0.6. Hata ingetengenezwa na malaika isingevuka wati 140. Kulijua hilo hakuhitaji cheti wala maabara.

Basi futi ikae mezani siku zote. Mfundishe mteja hesabu hiyo kwa paneli zako, kisha mwambie aende akapime na za maduka mengine kabla hajatoa pesa. Ndiyo, mwambie aende. Najua moyo utakudunda ukimwona anavuka barabara. Wengine hawatarudi, watakuta bei rahisi ng'ambo na kuridhika nayo. Lakini anayerudi anarudi akiwa ameshajithibitishia mwenyewe, na jioni atawafundisha jirani zake hesabu ile ile kwa majivuno kama yeye ndiye aliyeigundua. Mwache ajivune.

Jua la saa sita likiwaka, toa paneli nje na umpe mita ya mkononi ya kupimia umeme aishike yeye. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12, ikiwa sawa, husukuma ampia 5 na ushei. Nyaya ziunganishe wewe, lakini namba aisome yeye kwa sauti.

Na ile pesa ya redio usiikate, ibadilishie kazi tu. Badala ya sekunde 30 za kujisifu, omba dakika tano za kueleza namna ya kupima paneli, bila kutaja bei hata moja. Duka lako litajwe mwanzoni na mwishoni, basi. Mtu akishakusikia ukimfundisha jambo lililomwokolea pesa, siku betri ikimsumbua atasema "tumuulize yule wa sola". Hapo ndipo unapokuwa mjuzi machoni pa watu, hata kama kwenye ukuta huna shahada.

Nina saluni Ntinda. Kijana mmoja ananiuzia wafuasi 10,000 wa TikTok. Nichukue?

Usichukue, dada yangu. Hao elfu kumi hawasuki nywele. Wateja wako ni watu wa boda ya dakika kumi, na wanakutazama zaidi kwenye status ya WhatsApp, hasa tangu Facebook ilipofungwa hapa kwetu Januari 2021 na watu wakaanza kuingia kwa mlango wa uani, yaani VPN. Pesa ya kijana inunulie mwanga mzuri. Kisha fanya jambo ambalo wasusi wengi hawalithubutu: mpige picha mteja siku ya kwanza, umpige tena wiki ya tatu. Kila msuko hupendeza siku ya kwanza.

Nauza vitenge kwa jumla Kikuubo. Wateja wangu wengi wanatoka Butembo na Bunia, Kongo. Wa zamani wananitumia pesa bila kuja, wapya wanaogopa. Tena mwanangu anataka niache Kiswahili kwenye matangazo, ati kwa Kampala ni lugha ya wanajeshi na wezi.

Hajati, tuanze na mwanao, kwa sababu hajakosea sana. Wazee wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, mbele ya mtutu, na kumbukumbu ya namna hiyo haifutwi na uamuzi wa Baraza la Mawaziri, hata ule wa Julai 2022 ulioidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kwa mama wa Mengo anayetaka kitenge cha kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, andika Luganda. Lakini mteja unayemhofia hatoki Mengo. Mfanyabiashara wa Butembo akipokea ujumbe wa sauti kwa Kiswahili anausikiliza mwenyewe garini, haombi mtu amtafsirie. Usimnyime hilo ili kumfurahisha mtu ambaye hanunui kwako.

Sasa hofu ya wapya. Anaogopa mambo mawili tu: pesa kupotelea njiani, na robota kufika limepungua. Yote mawili yana dawa.

La robota, washa simu wakati wa kufunga. Weka juu ya mzigo karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku hiyo, ionekane mwanzo hadi mwisho. Hesabu vipande kwa sauti, bila kukata video, mpaka sindano ya gunia ipite mara ya mwisho. Maliza kwa namba ya gari. Imfikie kabla lori halijaondoka mjini, ili kama kuna kosa alisimamishe. Oda ya kwanza usimsukume achukue kubwa. Akiomba robota moja, mpe moja na umshukuru kana kwamba kachukua kumi.

La pesa ni jina. Wakala wa Mpondwe, pale mpakani, anapotuma kwa simu, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hajabonyeza. Mteja ameambiwa duka la Hajati, halafu anaona jina la mvulana fulani asiyemjua. Ni mpwa wako, sawa, lakini atajuaje? Mkono lazima usite. Chukua namba ya kulipia ya wafanyabiashara, iliyosajiliwa kwa jina lile lile lililoandikwa juu ya mlango na kwenye cheti chako cha URSB, wasajili wa biashara. Nimeona biashara ikipotea zaidi kwa jambo hili dogo kuliko kwa bei.

Na kuna EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA. Najua neno hilo linachoma watu wa Kikuubo. Aprili 2024 maduka yalifungwa kwa ajili yake. Lakini kama umesajiliwa VAT na risiti hizo unazitoa tayari, usiziache zioze kwenye droo. Risiti ile ina msimbo ambao mtu anaweza kuuhakiki kwa URA akiwa popote penye intaneti. Mtumie picha yake. Serikali imekutwisha mzigo, basi ugeuze uwe ushahidi wako.

Nina duka la pembejeo Bweyale. Msimu uliopita niliuza mbegu za mahindi, wakulima zaidi ya ishirini wakasema hazikuota. Na mimi niliuziwa tu. Sasa wananipita wanakwenda kwa mwingine. Nihamie mji mwingine?

Shikamoo mzee wangu, na pole. Usihame kwanza.

Kabla ya kuwalaumu wakulima kwa kununa, jua kilichowapata. Watafiti waliwahi kununua mbolea na mbegu chotara za mahindi kwenye masoko ya Uganda, wakazipeleka kupimwa. Matokeo yalichapishwa 2017: mbolea ilikuwa na upungufu wa asilimia 30 ya virutubisho, na zile mbegu "chotara" zililingana na mchanganyiko ambao halisi hazifiki nusu. Wakapiga hesabu pia, wakaona kwa ubora huo mkulima wa kawaida anakula hasara. Kwa hiyo anayepita mlangoni pako bila kugeuza shingo si mkaidi. Amejifunza.

Chukua daftari, panda boda, uende kwa kila mmoja. Kwake, usiwaite dukani. Sentensi ya kwanza iwe "nilikuuzia mbegu mbovu". Ile ya "na mimi niliuziwa" ni kweli, lakini ikitangulia itasikika kama unajificha nyuma yake, iseme akikuuliza. Kisha pesa. Kama unaweza kurudisha yote, rudisha. Kama huwezi, lipa nusu na utaje tarehe ya nusu nyingine, tarehe unayoimudu kweli, kwa sababu ukivunja na hiyo, bora usingeenda. Msimu mzima wa shamba huwezi kuufidia, na usimwahidi hivyo. Ila usimpunguzie hata shilingi ya bei ya mbegu.

Wakisharudi, hata watatu, wanataka kuona kwa macho. Upande wa Masindi niliingia duka moja nikakuta sinia la bati mezani, ndani yake gunia lililolowa, na juu ya gunia mahindi yamechomoza ndimi nyeupe. Pembeni kipande cha katoni: namba ya bechi, tarehe ya kupanda, na "92/100". Watoto waliokuwa wanangoja mama yao walikuwa wanazihesabu upya kwa sauti, wakigombana kama ni 92 au 91. Mwenye duka hakuwakataza. Aliniambia kila bechi inapoingia huchukua punje 100, huzilaza siku saba, na zikiota chini ya 85 anarudisha mzigo alikoutoa. Katika muda wote niliokaa sikusikia mteja akiuliza kama mbegu ni nzima.

Fanya hivyo hivyo. Na namba ya bechi iandike kwenye risiti ya kila mkulima, kisha weka konzi moja ya kila bechi kwenye bahasha juu ya rafu. Mtu akija na malalamiko Mei, mnafungua bahasha pamoja mnaziotesha upya. Zikiota, mtajua tatizo lilikuwa mvua au mchwa. Zisipoota, una cha kumpeleka nacho aliyekuuzia, na wakaguzi wa mbegu wa Wizara ya Kilimo wana cha kushika mkononi.

Nashona gomesi, yale magauni ya heshima, Jinja. Niliweka picha za wateja wangu kwenye status, mmoja amekuja juu kama moto. Si ni kutangaza biashara?

Ni kutangaza biashara kwa uso wa mtu. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi inayotaka uombe idhini, lakini hata bila sheria, mama wa watu alikuja kushonewa, hakuja kuonyeshwa. Mwombe radhi, ifute mbele yake. Siku nyingine uliza wakati anajitazama kwenye kioo, akiwa anatabasamu, wengi watakubali. Anayekataa, piga picha ya mshono tu, ule ukanda na mabega yaliyosimama. Fundi mwenzako ataelewa kazi, na mteja mwerevu pia.

Nauza spea za magari soko la Kisekka, Kampala, mwaka wa kumi na mbili huu. Acheni hadithi. Ninaowaona wanajenga maghorofa ni waongo. Uaminifu unalipa kodi ya kibanda?

Hili ndilo swali nililolipenda. Ndugu yangu, wakati mwingine haulipi. Anayeuza saa kwenye kituo cha mabasi, kwa abiria ambaye hatamwona tena mpaka kiama, hapati faida yoyote kwa kusema ukweli zaidi ya usingizi mzuri. Kama biashara yako ni ya namna hiyo, sina la kukufundisha.

Na umegusa jambo ambalo wachumi wamelihangaikia. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika kuhusu magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel 2001. Hoja yake utaitambua: mnunuzi akishindwa kutofautisha zuri na bovu, analipa bei ya katikati kwa yote. Kwa bei hiyo mwenye bovu anacheka, mwenye zuri anapata hasara na kuondoka sokoni. Yanabaki mabovu. Ukitaka kuiona hoja hiyo ikitembea, simama Kisekka saa nne asubuhi. Lakini Akerlof alitaja pia njia za kutokea, na moja ni waranti, kwa kuwa waranti ya kweli ni ghali kwa mwenye spea mbovu na rahisi kwa mwenye nzima.

Nasema ya kweli. Mwaka juzi nilinunua betri ya gari kwenye duka moja la mjini, silitaji, waranti miezi sita. Ilikufa mwezi wa nne. Niliporudi nikaambiwa waranti haihusu seli za ndani. Nikauliza, inahusu nini basi? Kijana akafikiri kidogo, akasema: "Kasha." Tulicheka wote wawili, maana kulia kusingesaidia, nikatoka bila betri.

Wewe jiulize wanaorudi kwako ni nani. Mwenye gari huja mara moja, ila fundi wake huja kila wiki, na spea ikifa njiani anayetukanwa ni yeye. Mwandikie fundi kwenye risiti: siku 30, unabadilishiwa, bila maneno. Tia alama ya rangi kwenye spea usije ukarudishiwa ya mwenzako. Kisekka hilo nalo hutokea. Hesabu zinazorudi kwa miezi mitatu. Zikiwa nyingi kuliko unavyoweza kubeba, tatizo liko kwa anayekuletea mzigo. Zikiwa chache, utakuwa umenunua mafundi kwa bei ya spea tatu nne.

Maghorofa ya wengine siwezi kuyaeleza. Mimi mwenyewe natafuta shoku za nyuma, na Jumamosi nitapita huko na fundi wangu. Niambie tu kibanda chako kiko mstari gani.