Maswali na majibu: kujitolea kufundisha watoto maigizo

Nimeona tangazo la kwenda Ghana miezi mitatu kufundisha maigizo watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Wanataka nitume laki tatu za fomu kwanza. Nitume? (Kijana, Mwanga, Kigoma mjini)

Usitume. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa wajitoleaji, UNV, hautozi ada ya maombi. Wapo wanaotoza malazi na chakula kihalali, lakini hao hukuonyesha kwanza mkataba, jina la kituo na mtu wa kumpigia simu aliye huko huko. Halafu nikuulize, mdogo wangu: watoto wa Katubuka, hapo jirani yako, umeshawafundisha? Nenda shule ya msingi iliyo jirani, umwombe mwalimu mkuu saa moja baada ya masomo. Ukidumu muhula mzima, ndipo tuzungumze habari za Ghana.

Nina kituo cha yatima. Wageni sita kutoka Uingereza wanakuja wiki mbili na viza ya matembezi. Watafundisha maigizo, kisha watoto waigize maisha yao mbele ya wafadhili. Kuna shida? (Mama mlezi, Kasulu)

Zipo, mama, na ya viza ndiyo ndogo. Viza ya matembezi hairuhusu kujitolea. Kibali cha wajitoleaji kwa kawaida ni cha ukaazi daraja C, na hilo wamalizane na Uhamiaji kabla hawajapanda ndege. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ajue nani anaingia kwa watoto.

Kubwa ni huo mchezo wenyewe. Nimekaa kwenye mazoezi ya namna hiyo. Mtoto wa miaka kama tisa alipewa kipande cha siku aliyofiwa na mama yake. Alisimama mbele ya kanga mbili zilizofungwa kama pazia, akawa anazungusha kifungo cha shati mpaka kikang'oka, na maneno hayatoki. Mgeni akamwambia arudie, aongeze hisia. Niliomba mazoezi yasimame. Wiki iliyofuata wageni walishaondoka, na mtoto amebaki na yote yaliyofukuliwa, hana wa kuzungumza naye.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni kwa mambo yanayomhusu. Akisema hataki kuigiza, basi. Mpe sungura na fisi, mpe muuza dagaa wa Kibirizi anayegombana na mteja. Humo atasema yaliyo moyoni bila kuanikwa mbele za watu. Wageni wako wakae miezi, au hizo wiki mbili wawafundishe walezi wa kituo badala ya watoto. Wafadhili nao waonyeshwe hesabu za fedha za kituo. Machozi ya watoto si ripoti.

Nikijitolea nitapata cheti?

Swali hili linakuja kila mara na jibu ni lile lile: uliza kabla ya kuanza. Kama cheti ndicho kinachokupeleka, tafadhali waache watoto.

Mimi ni Muha, nimesomea sanaa Bagamoyo. Naweza kwenda tu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kufundisha?

Kwenda tu, hapana. Kambini huingii bila kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani, na njia nyepesi ni kupitia shirika ambalo tayari linafanya kazi mle. Lakini wewe ndiye ninayetamani aende. Kambi ipo tangu 1996, kuna vijana waliozaliwa na kukulia humo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo watoto wa Burundi wakitaniana utacheka nao bila mkalimani. Wakongo wana Kiswahili chao. Usikisahihishe katikati ya mazoezi.

Dai nauli na posho, kwa maandishi. Mgeni analipiwa nyumba na gari, msanii wa Kigoma anaambiwa afanye kwa moyo. Hilo silikubali.

Mwalimu mmoja achukue watoto wangapi?

Kumi na tano, wasizidi ishirini. Na usijifungie chumbani peke yako na mtoto, hata kwa mazoezi ya dakika tano.